Baba Alipopiga Kasia

Jirani yangu mpya ni mtu wa Kasulu. Juzi jioni alichemsha mawese ya kuungia maharage, na harufu ikaja moja kwa moja hadi kwenye meza ninayosahihishia madaftari. Nikaweka kalamu chini. Miaka mingi sijapika kwa mawese, baba watoto hayapendi, lakini harufu ile ikishaingia ndani, mimi kazi tena siwezi. Nikawa nimerudi Desemba ya 1991, nipo darasa la tano, tunakwenda kwao baba.

Tulikwenda wote: baba, mama, mimi, mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba aliyekuwa bado ananyonya. Treni naipita haraka. Siku mbili na ushee kutoka Dar, kuku wa Saranda, vumbi la Dodoma, saa nyingi za kusimama Tabora wakati mabehewa ya Mwanza yanakatwa na sisi tunangoja kichwa chetu cha kwenda Kigoma. Uvinza watu walinunua chumvi. Kigoma tulifika tumechakaa, tukalala kwa rafiki wa baba, na Jumatano saa kumi jioni tukawa ndani ya Liemba.

Baba aliipenda sana meli ile. Hakuwa mtu wa maneno mengi nyumbani. Akirudi kazini atakula, atasoma gazeti, atauliza daftari la hesabu, basi. Lakini pale sitahani alitusimulia mpaka jua likazama nyuma ya milima ya Zaire: kwamba Wajerumani waliiunda kwao mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaileta Dar kwa bahari na Kigoma kwa reli, wakaiunga upya. Vita vilipowaelemea mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe ili Waingereza wasiipate. Ikalala chini ya Ziwa Tanganyika karibu miaka minane, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina hili la Liemba. "Babu yenu aliipanda," akasema. "Na mimi niliondokea humu." Mdogo wangu aliuliza kama maji yaliyobaki ndani walishayatoa yote. Baba akamjibu kwa makini kabisa kwamba ndiyo, yote.

Usiku ulikuwa wa giza, mwezi haupo, na hizo ndizo siku za dagaa. Wavuvi walikuwa wametandaza taa zao za karabai juu ya maji hadi mbali. Mama, mtoto wa Kisarawe, hakulala. Alikuwa amejifunga mtoto kwa khanga mbili.

Mgambo, kijiji tulichokuwa tunakwenda, hapakuwa na gati. Hilo baba hakutuambia mapema, na nadhani alifanya makusudi, maana mama angerudi na treni ileile. Usiku wa manane meli ilipiga honi, injini zikapunguza mlio, na kutoka gizani yakaja maboti ya mbao na mitumbwi, mengi, yanagombea kufika kwanza. Mlango wa ubavuni ukafunguliwa. Kelele zile hata leo nazisikia. Wanaopanda wanasukuma magunia ya dagaa kuingia, wanaoshuka wanasukuma sukari na magodoro kutoka, boti zinagongana, mtu anaita jina la mkewe, kuku wanalia, na chini kabisa, kati ya chuma cha meli na mbao za boti, maji meusi yanafunguka na kufunga.

Baba alishuka wa kwanza. Alikuwa na shati lake jeupe la mikono mirefu na viatu vya kazini. Nilimwona akiruka, akasimama ndani ya boti iliyokuwa ikipanda na kushuka, miguu imepanuka, hata hakuyumba. Akanyoosha mikono. "Mlete mtoto." Mama akasita. "Mama Nanii, mlete." Kitinda mimba akapita juu ya maji yale kutoka mkono hadi mkono. Kisha mdogo wangu. Mimi alinidaka mtu mwingine, akanikalisha juu ya gunia kama mzigo wa kawaida, akageuka kumpokea mama.

Mtu huyo ndiye aliyewasha tochi. Alitaka nauli, nafikiri. Akammulika baba usoni, akanyamaza, akaishusha tochi, akaipandisha tena. Halafu akamwita kwa jina ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Mara ya kwanza aliuliza. Mara ya pili alikuwa na hakika, na alipiga kelele hadi boti za jirani zikanyamaza.

Baba akajibu kwa Kitongwe.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuwa nimewahi kumsikia baba akisema hata sentensi moja ya Kitongwe. Nyumbani kwetu Tabata angezungumza na nani? Sauti yenyewe ilikuwa nyingine, nyepesi, inapanda juu mwishoni, na alikuwa anacheka. Wakashikana mikono na kupigana mabega. Kijana mmoja alikuwa amekaa nyuma na kasia. Baba akaomba kasia lile kwa ishara tu, kijana akampa, na baba yangu, karani wa bohari, akakaa kwenye ukingo wa boti akaanza kupiga kasia.

Liemba iliwasha injini ikaondoka na taa zake. Tukabaki na karabai za wavuvi na sauti za watu wawili. Baba alikuwa anauliza. Sikuelewa neno, lakini nilielewa kwamba anauliza juu ya watu, kwa sababu kila swali lilikuwa fupi, na ndani yake mlikuwa na jina. Yule mwenzake alijibu huku naye anapiga kasia upande wa pili. Jina jingine lilileta maelezo marefu na kicheko. Jina jingine lilipata jibu la neno moja, na hapo kasia la baba lilisimama juu ya maji.

Nilikuwa nimekaa karibu yake, naliona. Maji yalitoka kwenye bapa la kasia, yakateremka kwenye mti wake, yakafika kwenye kiganja cha baba, yakaingia ndani ya mkono wa shati. Hakuufuta. Boti ilisogea yenyewe kidogo. Kisha kasia likazama tena, likavuta, na baba akauliza jina linalofuata.

Ilikuwa hivyo njia nzima. Kuna majina mawili yalifuatana, yote kwa jibu lile la neno moja, na baada ya la pili alikaa muda mrefu hadi mwenzake naye akaacha kupiga kasia ili boti isigeuke. Mama hajui Kitongwe zaidi yangu. Alimhamishia mtoto mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia, akauweka mgongoni mwa baba, pale shati lilipokuwa limelowa. Akauacha pale mpaka boti ikagusa kokoto.

Mengine yalikuwa ya furaha, na furaha husimuliwa upesi. Bibi aliamshwa, akaja akiwa amekazana kutembea, akamshika baba ule mkono wa shati lililolowa na kitu cha kwanza alichofanya ni kumgombeza. Shangazi alitutafsiria: anasema atapata homa. Tulikula ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa lile, iliyopikwa kwa mawese mpaka midomo ikawa ya rangi ya chungwa. Tulichezea ufukweni kati ya dagaa walioanikwa, tukifukuzwa pamoja na kuku. Bibi alinipapasa kichwa kila alipopita, akisema kitu kilekile, na shangazi kila mara alinitafsiria kana kwamba ni kipya: anasema una paji la babu yako.

Siku moja baba mdogo alitupeleka kusini kwa boti ya injini, kuiona milima ya Mahale kwa karibu. Nkungwe, kilele chake, kina mita 2,462, na huinuka karibu moja kwa moja kutoka ziwani. Huko ndiko baba alikozaliwa, kwenye miteremko ya chini, si Mgambo. Watu walihamishwa miaka ya sabini kuja kwenye vijiji vya pamoja, na mwaka 1985 milima ikawa hifadhi ya taifa. Baba mdogo alikuwa amewahi kubeba mizigo ya Wajapani, wale wanasayansi wa Profesa Nishida walioanza kuwafuatilia sokwe mtu huko tangu 1965. Alituambia jinsi walivyopanda miwa ili sokwe wawazoee. Watongwe ndio waliowaonyesha njia za msituni na majina ya miti.

Mahali fulani baba aliomba injini izimwe. Akatuonyesha, juu kidogo ya ufuko, miembe mikubwa na michikichi katikati ya msitu. Miti ya watu, akasema, haiko hapo yenyewe. Mwembe mmoja aliutambua. Baba mdogo alisema sokwe sasa ndio wanaokula yale maembe, na baba akasema vizuri, kuliko yaoze. Alisema kweli, nilimwangalia usoni. Kisha akatutajia makaburi yako upande gani, na mama akafunika kichwa kwa khanga. Injini ikawashwa.

Ndani ya treni ya kurudi mama alimuuliza, "Miaka yote hii mbona hukuniambia unajua kupiga kasia?"

"Hukuniuliza," baba akasema, na hakuwa anafanya mzaha.

Jibu hilo limenisumbua tangu nilipokuwa mtu mzima. Wakati fulani naona lilikuwa la haki, kwamba sisi wa mjini tuliridhika na baba wa gazeti na hesabu na hatukutaka kujua zaidi. Wakati mwingine naona halikuwa la haki hata kidogo. Mtu anawezaje kuuliza kitu asichojua kipo? Na mtoto je? Wanangu wanajua kwamba babu yao ni wa Kigoma kwa namna wanavyojua mji mkuu wa Burundi.

Kwa hiyo nimeanza kuuliza. Mzee sasa anapumzika nyumbani, masikio mazuri, magoti mabaya. Jumapili iliyopita nilimwomba anitajie wale watu wa usiku ule, aliokuwa akiwauliza kwenye boti. Nilidhani amesahau. Akaanza bila kufikiri, kwa mpangilio uleule naamini: nani alikuwa nani, nani alimfundisha kutega, nani walioa nyumba moja. Yale majina mawili yaliyofuatana ni ya wenzake wa jando. Nikaandika. Mwanangu mkubwa akaacha simu, akauliza walikufa na nini.

"Mmoja ziwa," baba akasema. "Mwingine sikuambiwa vizuri. Nilitaka kurudi kuuliza."

Mjomba wao, yaani mdogo wangu yule wa maji ya Liemba, anasema tumpeleke Desemba hii, magoti au bila magoti. Mama anasema hapana, ziwa si la mzee wa umri ule, na kwamba akishuka kwenye boti lile hataweza kupanda tena. Mimi bado sijasema upande wangu. Baba, akiulizwa, anajibu kwamba sisi ndio wenye nauli, halafu anauliza Desemba mwezi unaandama lini.