Kiwanda cha chai, na mizani ya baba mdogo

Miaka kumi na miwili Ujerumani, nimerudi Rungwe nakuta king'ora hakilii. Nyie wa huku mmeshazoea. Mimi nimelelewa na kile king'ora: cha alfajiri mama anawasha moto, cha mchana tunajua baba mdogo yuko njiani. Kiwanda kimefungwa, mabati ya upande mmoja yameng'olewa, na nilikuwa bado stendi ya Tukuyu na mabegi yangu nilipoambiwa kuwa wanunuzi wa chuma chakavu wameshakuja mara mbili.

Kesho yake nikamwomba baba mdogo tuingie. Mlinzi akamwamkia shikamoo, akatufungulia.

Ghorofa ya juu ina madirisha mengi kuliko kanisa. Huko ndiko majani yalikotandazwa yanyauke, halafu yakashushwa kwenye mashine za kusaga, yakaachwa yachachuke hadi yawe rangi ya shaba, ndipo yaingie kwenye kikaushio. Yaani jengo limejengwa kwa kufuata safari ya jani, toka juu kwenda chini. Nilipitisha kidole kwenye ubao wa sakafu, kikatoka na vumbi la kahawia. Nikanusa. Chai.

Pale Essen nilipokuwa naishi kuna mgodi wa makaa ya mawe unaitwa Zollverein. Ulifungwa 1986, na mwaka 2001 ukaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Leo watu wanalipa kiingilio kuona mitambo ambayo babu zao walikohoa nayo. Nikajiuliza, sisi je? Chai ya nchi hii ilianzia Amani, kule Tanga, mwaka 1902, na hapa kwetu Kyimbila mwaka 1904. Si jambo dogo hilo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Huku kwetu utalipata wapi jengo la umri huo? La baadaye linahitaji waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo Kimondo cha Mbozi, kilichoanguka chenyewe kutoka mbinguni, kinalindwa. Zana za mawe za watu wa kale kule Isimila, Iringa, zinalindwa. Kiwanda kilichosomesha nusu ya kata kinasubiri lori la chuma chakavu. Nimeanza kuandika barua, ianzie serikali ya kijiji, ipite kwa afisa utamaduni wa wilaya, ipande juu.

Nilimsomea baba mdogo rasimu nikitegemea atafurahi. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza, "Mwanangu, unataka wahifadhi nini hasa?"

Akanipeleka nyuma, kwenye kibanda cha kupokelea majani. Mizani bado inaning'inia, ndoano yake imeliwa na kutu. Akaivuta kwa mkono, ikashuka, akaiachia. Mshale haukurudi kwenye sifuri.

"Hii ilikuwa inakula kilo mbili kila gunia. Mama yako alichuma miaka tisa. Piga hesabu."

Sikuipiga. Najua mama alikuwa anarudi mikono imechubuka, na mbalaga ya jioni nyumbani kwetu mara nyingi ilipikwa na dada. Ila sikuwahi kujua habari ya kilo mbili. Nilichokuwa nimebeba Ulaya miaka yote ile ni king'ora na harufu.

Bado nataka jengo lilindwe, na nimemwambia hivyo. Wakikata zile chuma, mizani itakwenda pamoja nazo, na hapo nani atakuja kuamini habari ya kilo mbili? Pia sitaki lipakwe chokaa na kugeuzwa hoteli yenye picha za wachumaji wanaotabasamu. Hilo tumekubaliana bila ubishi.

Jioni akaomba nimsomee tena. Nikaongeza aya kuhusu mizani, nimeandika "inadaiwa ilikuwa na hitilafu". Akakataa. "Futa hiyo inadaiwa. Andika ilikuwa inakula kilo mbili, na uweke jina langu."

Nimefuta.