Chuo cha Sheria Hakichaguliwi kwa Jina Tu

"Chuo ni jina, maisha utazoea." Maneno hayo ameambiwa binti mmoja anayetoka mtaa wa Sakina, Arusha, wiki iliyopita, mbele ya kikao cha familia, na aliyeyasema ni baba yake mdogo ambaye ndiye anachangia sehemu kubwa ya ada. Binti ana barua mbili za udahili wa LLM, yaani shahada ya uzamili ya sheria, Uingereza. Moja ni ya chuo cha London ambacho hata asiyesoma sheria amewahi kukisikia. Nyingine ni ya Dundee, Scotland, sheria ya madini na nishati. Alichouliza ni kitu cha maana kabisa: nitalala wapi, kwa kodi gani, na kutoka hapo hadi darasani ni dakika ngapi? Akaitwa mpenda anasa.

Imeniuma. Kila mwaka barua za udahili zikianza kutoka, meseji zinamiminika kutoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinauliza chuo ni cha ngapi duniani. Mita ya umeme haiulizwi. Na ukikaa huku Uingereza unaona: wanaoyumba mwezi wa kwanza, giza likiwa limetanda, mara nyingi hawayumbishwi na kesi ngumu. Wanayumbishwa na chumba, nauli na usingizi.

Baba mdogo, shikamoo. Tufanye hesabu pamoja.

LLM ya Uingereza ni krediti 180, na kila krediti inakadiriwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 1,800. Zigawe kwa wiki 50, unapata saa 36 kila wiki. Darasani atakaa saa chache tu, nane au kumi, na hapo ndipo wengi wanaponaswa: wanaona ratiba ina mapengo, wanadhani mapengo ni muda wa kibarua. Lile pengo ndiyo shule yenyewe, maana semina ya saa mbili inakuja na kurasa mia mbili za kusoma. Sasa ongeza saa 20 za kazi kwa wiki, ambazo ndiyo mwisho unaoruhusiwa na viza wakati wa muhula. Umefika 56. Ongeza chumba cha bei nafuu kilicho dakika 50 kutoka chuoni: kwenda na kurudi siku tano ni saa nane na dakika ishirini. Umepita 64, na ugali haujapikwa. Anayepanda Hiace kila alfajiri kutoka Usa River kwenda mjini ananielewa, ila yeye akirudi jioni hana hukumu za kusoma.

Najua hesabu ya kibarua inavutia. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini kwa aliyefikisha miaka 21 kilikuwa paundi 12.21 kwa saa. Saa 20 ni paundi 244, na ukizidisha kwa 3,300 unaona laki nane kwa wiki, macho yanakutoka. Usizidishe. Pesa hiyo inapatikana huku na inaliwa hukuhuku. Halafu kuna mtego ambao watu wengi hawaujui hadi wameshapanga: kwa mwanafunzi wa uzamili, ile miezi ya kiangazi ya kuandika tasnifu bado ni muhula. Kikomo kinabaki saa 20. Aliyepanga kumalizia ada kwa kufanya kazi kutwa nzima kuanzia Juni hadi Septemba atakuwa anavunja masharti ya viza.

Twende kwenye chumba. Kwanza, kodi ya chumba cha mwanafunzi hutajwa kwa wiki. Ukiona paundi 180, usizidishe kwa nne ukapata 720. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo mwezi ni 780. Pili, uliza mkataba ni wa wiki ngapi. Vyumba vingi vya shahada ya kwanza ni wiki 40 hadi 44 na vinaisha Juni, wakati tasnifu ya LLM inakabidhiwa Agosti au Septemba. Ukiingia mkataba huo, mwezi wa sita unatolewa na masanduku yako katikati ya uandishi. Omba chumba cha wiki 51. Hosteli za chuo zina faida nyingine kubwa: maji, umeme, joto na intaneti kwa kawaida vimo ndani ya kodi, na mara nyingi hudaiwi mdhamini anayeishi Uingereza, mtu ambaye kijana aliyetoka Pasua hana pa kumtoa. Na dalali wa huku haruhusiwi kumdai mpangaji ule mwezi mmoja tuliouzoea; England jambo hilo limepigwa marufuku tangu Juni 2019, na Scotland pia ni kosa.

Mita sasa. Nyumba nyingi za bei nafuu zina mita ya kulipia kabla, kwa hiyo mtu wa LUKU anaingia kwa kujiamini. Zile za zamani zina ufunguo wa plastiki: unauchomoa, unaupeleka dukani, unalipia, unarudi kuuchomeka. Mpaka hapo tunafanana. Tofauti ni kwamba kuna tozo ya kila siku, takribani peni 50 kwa umeme peke yake, inayokatwa hata kama hujawasha taa. Kodi ya jengo kwenye LUKU inakuuma mara moja kwa mwezi. Hii inakata leo, kesho na keshokutwa. Ukisafiri wiki tatu za Krismasi, unarudi unakuta salio limeliwa na mita inakudai. Na kuna deni la mpangaji aliyepita, ambalo linaweza kuwa bado limo ndani ya mita ileile. Siku unayokabidhiwa funguo za nyumba, piga picha namba zote kwenye kioo cha mita, piga simu kampuni ya umeme, waambie wewe ni mpangaji mpya na omba ufunguo mpya wa mita. Usiweke hata paundi kumi kwenye ufunguo uliouokota mezani. Ukiuweka, unaweza kulipa deni la mtu usiyemjua.

Halafu angalia joto linatoka wapi. Scotland, na hata England, kuna fleti zenye hita ambazo ndani yake ni matofali. Zinapasha matofali usiku kwa saa saba ambazo umeme ni wa bei ndogo, kisha joto linavuja polepole mchana. Shida yake kwa mwanafunzi wa sheria ni hii: mchana uko darasani na nyumba ina joto bure; ikifika saa mbili usiku, umefungua kitabu, matofali yameshapoa. Unawasha hita ndogo ya kuchomeka kwa bei ya juu, na mita inaanza kukimbia. Fleti yenye boila ya gesi na radieta ni nafuu zaidi kuishi, hata kodi ikizidi kidogo. Kabla ya kulipa chochote, chukua postikodi ya nyumba uitafute kwenye rejista ya serikali ya vyeti vya nishati. Ni bure. Utaona daraja kuanzia A hadi G, aina ya hita, na kama kuta zimewekewa kizuizi cha baridi. Tafuta C. D inavumilika. England nyumba iliyo chini ya E hairuhusiwi kupangishwa, isipokuwa yenye msamaha maalumu.

Kwa wanaosema baridi ya Arusha ya mwezi wa saba tumeizoea: ile ni baridi ya kuvaa sweta, jua likitoka saa nne umelivua. Huku adui ni unyevu. Unafua, unaanika ndani kwa sababu nje kunanyesha, unafunga madirisha ili joto lisitoke. Hewa yenye mvuke inagusa ukuta wa nje ulio baridi, inageuka maji. Baada ya wiki chache, nyuma ya kabati, kwenye kona ya chini, vinaanza vidoadoa vyeusi na harufu kama ya gunia bichi. Suti uliyoshonesha Moshi kwa ajili ya mashindano ya mahakama ya mfano inaota ukungu mgongoni. Dawa si kupaka rangi. Sogeza kabati kutoka ukutani upana wa kiganja, fungua dirisha dakika kumi kila asubuhi, anika bafuni mlango ukiwa umefungwa na feni imewashwa. Ukikagua nyumba, vuta kabati uangalie nyuma. Dalali akikuzuia, ondoka.

Dundee ina bei yake pia, na sitamficha binti. Mwishoni mwa Desemba jua linachomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama karibu saa tisa na nusu alasiri. Mtu aliyezaliwa mahali ambapo jua halijawahi kumkosa saa moja asubuhi anashtuka. NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, inashauri mikrogramu 10 za vitamini D kila siku majira ya vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza mwaka mzima. Vidonge ni vya bei ndogo, nunua Oktoba. Na panga kutoka nje saa sita mchana, hata robo saa, mawingu yakiwepo.

Lakini tazama pesa ya viza, baba mdogo, kwa sababu hapa ndipo jina la London linapogharimu familia. Tangu Novemba 2025, mwanafunzi wa London lazima aonyeshe paundi 1,529 za kujikimu kwa kila mwezi kwa miezi tisa, jumla 13,761. Nje ya London ni 1,171, jumla 10,539. Tofauti ni 3,222, zaidi ya shilingi milioni kumi, kabla hujagusa ada. Fedha hiyo ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Ikishuka chini ya kiwango hata siku moja, hesabu inaanza upya. Na akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi au mlezi wa kisheria kwa barua na cheti cha kuzaliwa. Akaunti ya baba mdogo haikubaliki. Kwa hiyo mchango wako uhamie kwa binti mapema, siyo wiki ya kuomba viza.

Ada ya viza mwaka 2025 ilikuwa paundi 524, na ada ya afya ni 776 kwa mwaka. Kwa kozi ya miezi 12 analipa mwaka mmoja na nusu, yaani 1,164, zote kwa mkupuo. Cheti cha kipimo cha kifua kikuu kinachotakiwa kwa viza kinadumu miezi sita, usipime mapema mno. Ile ada ya afya inamfungulia NHS, ila England kila dawa iliyoandikwa na daktari inalipiwa paundi 9.90, wakati Scotland ni bure. Meno lipia nyumbani kabla hujapanda ndege.

Wenye ndoa wasikie vizuri: tangu Januari 2024 mwanafunzi wa LLM kwa kawaida haruhusiwi kuja na mume, mke wala watoto. Ni mwaka mzima wa kutengana, na uamuzi huo ufanywe mezani nyumbani. Pia usipange nyumba na mtu asiye mwanafunzi bila kuuliza kodi ya halmashauri ya mji. Nyumba ya wanafunzi watupu haidaiwi. Akiwemo mtu mzima mmoja mfanyakazi, bili inakuja, imepunguzwa robo tu.

Kuhusu kupima maisha ya chuo kwa takwimu: Marekani kampuni ya Princeton Review hutoa hata orodha ya vyuo vya sheria kwa ubora wa maisha, kutokana na majibu ya wanafunzi wenyewe. Uingereza kuna NSS, utafiti wa kitaifa wa maoni ya wanafunzi, lakini ule ni wa wanaomaliza shahada ya kwanza, haumhusu mtu wa LLM. Njia ya uhakika ni kumpata mwanafunzi wa sasa na kumuuliza vitu vinavyoshikika: semina ina watu wangapi, maktaba ya sheria inafungwa saa ngapi Jumapili, Westlaw, ile hifadhi ya mtandaoni ya kesi na sheria, inafunguka ukiwa nyumbani, msimamizi wa tasnifu anajibu barua pepe baada ya siku ngapi.

Jina lina kazi yake, sikatai. Anayetaka kampuni kubwa za London, jina linamfungulia mlango wa kwanza. Lakini LLM ya chuo chochote haimfanyi mtu wakili Tanzania. Law School ya Tanzania, wanakofunzwa mawakili, bado inamsubiri, na wote tunakumbuka matokeo ya 2022, wanafunzi 633, waliopita moja kwa moja 26. Binti anataka kurudi kushughulikia mikataba ya madini, Mererani iko jirani yake. Kwa kazi hiyo Dundee ina kituo kinachojulikana cha sheria ya nishati, mafuta na madini. Angekuwa anailenga Mahakama ya Afrika pale pale Arusha, ningemwambia aitazame Essex, ambayo kituo chake cha haki za binadamu kipo tangu 1982, na Colchester si London.

Kwa hiyo mdogo wangu, jibu langu ni Dundee, hosteli ya chuo, wiki 51, umbali wa kutembea kwa miguu. Jaketi zito litafute soko la Memorial ukipita Moshi, mtumba wa huko mwingi umetoka kwenye baridi hii hii. Viatu visivyopitisha maji nunua ukifika. Hosteli ikijaa, nitumie postikodi ya kila fleti unayoonyeshwa, picha ya mita, na picha ya nyuma ya kabati, kabla hujatuma dipoziti.