Nilivyopima mielekeo ya utafiti na uzito wa nukuu za jarida la Genetics

Nilikuwa na maswali mawili kuhusu jarida la Genetics. Watafiti wanaochapisha humo wamekuwa wakishughulikia nini tangu miaka ya 1990? Na makala zao zinanukuliwa kwa kiasi gani, kwa muda gani? Kuchora grafu na ramani kulikuwa sehemu fupi ya kazi. Muda mwingi ulikwenda kwenye kusafisha data, na ndiko yanakojificha makosa yanayoharibu matokeo bila mtu kujua, kwa hiyo maelezo yangu mengi yako huko.

Jarida hili lilianza 1916 chini ya mhariri George Harrison Shull. Leo ni mali ya Chama cha Jenetiki cha Marekani, na tangu 2021 linachapishwa na Oxford University Press. Weka akilini miaka hiyo, maana kila badiliko la namna hii huacha alama kwenye data.

Mtego wa kwanza ni kutafuta kwa jina. Neno lenyewe limo kwenye majina ya majarida mengi: Nature Genetics, Human Genetics, PLoS Genetics, Theoretical and Applied Genetics, na Journal of Genetics, ambalo William Bateson na Reginald Punnett walilianzisha 1910 na sasa liko India. Nilitumia namba za ISSN, yaani namba za utambulisho wa majarida, badala ya jina: 0016-6731 ya toleo la karatasi na 1943-2631 ya toleo la mtandaoni. Kwenye Web of Science, kanzidata ya kulipia ya makala na nukuu zake, nikaandika IS=(0016-6731 OR 1943-2631). Kabla ya kupakua chochote, nilifungua orodha ya majarida yaliyomo kwenye matokeo na kuhakikisha limebaki moja tu. Niliangalia pia usajili wa maktaba unaanzia mwaka gani. Taasisi nyingi hazilipii miaka ya nyuma, na hapo jarida la 1916 huonekana kana kwamba lilizaliwa juzi.

Ukitaka rekodi kamili pamoja na orodha ya marejeo ya kila makala, Web of Science hukupa rekodi 500 tu kwa mkupuo. Nilipakua kwa mafungu: 1 hadi 500, 501 hadi 1000, na kuendelea. Kila faili hushuka likiitwa savedrecs, kwa hiyo nilibadilisha jina papo hapo, kwa mfano gen_00501_01000.txt. Nilipomaliza nilihesabu mistari yote inayoanza na UT, yaani namba ya pekee ya kila rekodi. Jumla isipolingana na ile ya kwenye skrini, kuna fungu limerukwa au limepakuliwa mara mbili. Ukaguzi huu ni wa dakika tano, na haufai kuachwa.

Chanzo cha pili kilikuwa OpenAlex, kanzidata iliyo wazi kwa wote tangu Januari 2022. Humo nilivuta rekodi 200 kwa kila ukurasa kwa kutumia cursor, yaani alama ya kuendelea pale ulipoishia, si namba za kawaida za kurasa, kwa sababu namba za kurasa hugota kwenye rekodi ya 10,000. Uzuri wake ni kwamba mtu yeyote anaweza kurudia hesabu yako bila kulipa. Udhaifu wake ni aina za makala: tahariri, tanzia na hata kurasa za jalada huweza kuingia kama makala za utafiti.

Kuoanisha vyanzo hivi viwili nilitumia DOI, msimbo wa kudumu wa kila makala, na hapo uhamisho wa 2021 ukajitokeza. Makala za miaka ya kabla ya kuhama zina DOI zinazoanza na 10.1534. Mpya, pamoja na za zamani zilizopewa DOI baadaye, zinaanza na 10.1093. Ukichuja kwa kiambishi kimoja unapoteza miaka mizima. Nilibadilisha herufi zote za DOI kuwa ndogo, nikaondoa anwani ya tovuti iliyotangulia, ndipo nikaoanisha. Zilizobaki bila mwenza nilizioanisha kwa mwaka, juzuu na ukurasa wa kwanza. Usijaribu kukisia mwaka kutokana na juzuu. Juzuu ya 16 ni ya 1931 na ya 28 ni ya 1943, kwa hiyo kujumlisha 1915 kunaonekana kufaa. Lakini juzuu ya 77 ni ya 1974 na ya 155 ni ya 2000, kwa sababu baadaye jarida lilitoa juzuu zaidi ya moja kwa mwaka. Makala za karibuni hazina hata namba ya ukurasa, zina msimbo tu.

Kisha aina za makala. Nilibakiza makala za utafiti na mapitio. Tahariri, masahihisho na ikisiri za mikutano niliziweka kwenye faili la pembeni. Ikisiri za mikutano ni za kuangaliwa sana katika jarida la chama: zinaweza kuwa nyingi katika mwaka mmoja, karibu hazinukuliwi, na zikibaki ndani hushusha wastani wa mwaka huo na kufanya idadi ya machapisho ionekane imepanda ghafla.

Jambo moja ni la fani hii hasa: usifungue faili la CSV moja kwa moja kwenye Excel. Majina ya jeni kama SEPT2 na MARCH1 hugeuzwa kuwa tarehe, na ukihifadhi tu, neno la awali limepotea. Uchunguzi uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba karibu moja kwa tano ya makala zilizoambatisha orodha za jeni za Excel zilikuwa na makosa ya namna hii, hata majina yenyewe yakabadilishwa rasmi 2020 kuwa SEPTIN na MARCHF. Lakini vichwa vya makala za zamani bado vina majina ya zamani. Nilisoma mafaili yote kwa R, lugha ya programu ya takwimu, kila safuwima ikiwa maandishi, na kwa makala za Web of Science nilitumia convert2df ya kifurushi cha bibliometrix.

Kwa mielekeo ya mada, lazima ujue neno limetoka wapi. Rekodi ya Web of Science ina safu mbili za maneno muhimu: DE, aliyoyaandika mwandishi mwenyewe, na ID, yanayotengenezwa na kompyuta kutokana na vichwa vya makala zilizomo kwenye marejeo. Maneno ya ID yanaeleza makala imesimama juu ya kazi zipi kuliko inavyoeleza yaliyomo ndani yake, kwa hiyo huchelewa kuonyesha mada mpya. Tena, ID na ikisiri hupatikana kuanzia 1991 tu. Grafu inayoonyesha kwamba mada fulani "ilizuka" 1991 inaonyesha kanzidata ilipoanza kuzihifadhi. Nilianza uchambuzi wa maneno mwaka huo, nikatumia vichwa na ikisiri kwa pamoja, nikaacha ID kando. Miaka ya kabla ya hapo nilichambua vichwa peke yake, kwa jedwali tofauti, na sikuchanganya majedwali hayo mawili.

Faili la visawe ndilo lililoamua ubora wa ramani ya mada, yaani mchoro wa maneno yanayojitokeza pamoja. VOSviewer, programu ya kuchora ramani hizo ya Nees Jan van Eck na Ludo Waltman wa Chuo Kikuu cha Leiden, hupokea faili la safuwima mbili zilizotenganishwa kwa tabo, yenye vichwa label na replace by. Langu lilikuwa na mistari zaidi ya 300. "C. elegans" ikaenda kwa "caenorhabditis elegans"; "qtl", "qtls" na "quantitative trait loci" (sehemu za jenomu zinazoathiri sifa kipimika) zikawa kitu kimoja; "crispr/cas9", "crispr-cas9" na "cas9" vivyo hivyo. Hamira ilinipa kazi zaidi, kwa sababu "yeast" peke yake inaweza kuwa Saccharomyces cerevisiae au Schizosaccharomyces pombe. Niliisoma kwenye ikisiri kabla ya kuamua. "Genomic selection" na "genomic prediction" sikuziunganisha, ingawa wengi huziunganisha: moja ni hatua ya uzalishaji, nyingine ni kipimo cha utabiri, na tofauti ya lini kila moja ilipanda ni habari yenyewe.

Niliweka kikomo cha chini cha matukio 20, yaani neno lionekane angalau mara 20 ndipo liingie kwenye ramani, nikajaribu pia 10 na 40. Kundi la mada lililovunjika mara kikomo kilipobadilika sikulitangaza. Kwa ramani ya waandishi, VOSviewer kwa kawaida huacha makala zenye waandishi zaidi ya 25, na kwa jenomiki hilo ni jambo zito: makala moja ya waandishi 200 huzaa viungo 19,900, ikafunika ramani nzima. Niliiacha mipaka hiyo kama ilivyo, nikatumia hesabu ya mafungu, ambapo uzito wa makala hugawanywa kati ya waandishi wake. Majina mafupi kama Zhang Y na Wang J niliyapitia moja moja kwa ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti, na anwani. ORCID ilianza 2012, kwa hiyo kwa miaka ya nyuma anwani ndiyo msaada pekee.

Hesabu ya mada niliitoa kama asilimia ya makala za mwaka, kamwe si idadi tupu. Hata hivyo asilimia nayo inaweza kudanganya. Mwaka 2011 chama hichohicho kilianzisha jarida la pili, G3, linalopokea kazi nzuri na data zenye manufaa bila kudai mguso mkubwa. Mada ikishuka ndani ya Genetics baada ya 2011, inawezekana imehamia nyumba ya pili. Nilipakua G3 pia na kuweka mistari miwili kwenye grafu moja. Kwa mada za ramani za sifa kipimika, ambazo Genetics ilizibeba tangu makala ya Lander na Botstein ya 1989, bila mstari wa pili nisingethubutu kuandika neno "kushuka".

Sasa nukuu. Kipimo cha athari ya jarida kinachojulikana kama JIF (Journal Impact Factor) huhesabiwa hivi: nukuu za mwaka husika kwa machapisho ya miaka miwili iliyotangulia, kugawanya kwa idadi ya makala na mapitio ya miaka hiyo miwili. Kiasi, yaani namba ya juu ya sehemu, huchukua nukuu za kila kitu, hata tahariri. Asili, namba ya chini, huhesabu makala na mapitio tu. Chukua mfano wa nukuu 1,800 na makala 500: jibu ni 3.6. Ukiingiza tahariri na tanzia 60 kwenye asili, unapata 3.2. Ndiyo maana hesabu ya nyumbani mara nyingi hailingani na ile rasmi.

Kwa jarida hili dirisha la miaka miwili ni dogo mno, na hili ndilo ningependa kila anayelitathmini alione. Makala ya Pritchard, Stephens na Donnelly ya 2000 kuhusu muundo wa jamii za viumbe imenukuliwa zaidi ya mara 20,000, karibu zote nje ya dirisha hilo. Ile ya Brenner ya 1974 kuhusu mnyoo C. elegans na ya Tajima ya 1989 kuhusu kipimo cha kitakwimu cha mabadiliko ya DNA bado zinanukuliwa kila mwaka. Wakati huohuo makala kubwa namna hiyo huharibu wastani. Mwaka wenye makala 500 ukiwa na moja iliyonukuliwa mara 20,000, hiyo peke yake inaongeza 40 kwenye wastani wa mwaka. Nilitumia mediani, pamoja na idadi ya makala zilizoingia kwenye asilimia 10 ya juu ya fani kwa mwaka wao. Wastani niliuacha kwenye kiambatisho.

Nukuu za kila mwaka hazimo kwenye faili unalopakua. Safu ya TC ni jumla tu. OpenAlex nayo huonyesha takribani miaka kumi ya karibuni. Kwa makala za zamani nilitafuta kazi zote zinazoinukuu makala husika kwa kichujio cha cites, kisha nikazipanga kwa group_by=publication_year. Hapo ndipo makala zilizolala zinapoonekana. Ile ya Meuwissen, Hayes na Goddard ya 2001, iliyopendekeza kutabiri thamani ya kijenetiki kwa alama za jenomu nzima, ilingoja vipima-alama vya bei nafuu hadi mwishoni mwa muongo ule ndipo nukuu zake zikaruka.

Kupima usingizi huo nilitumia kigezo B kilichochapishwa 2015. Chora mstari ulionyooka kutoka nukuu za mwaka wa kwanza hadi za mwaka wa kilele. Kwa kila mwaka, toa nukuu halisi kwenye thamani ya mstari, gawanya kwa nukuu halisi (au kwa 1 zikiwa sifuri), kisha jumlisha. Makala yenye nukuu 2, 2, 2, 4, 10 ina mstari wa 2, 4, 6, 8, 10. Tofauti ni 0, 2, 4, 4, 0. Baada ya kugawanya ni 0, 1, 2, 1, 0. B ni 4. Iliyopanda sawasawa hupata karibu na sifuri. Kasoro yake ni kwamba mwaka wa kwanza wa makala iliyotoka Desemba ni wiki chache tu, kwa hiyo nilianza kuhesabu mwaka uliofuata kuchapishwa. Kwa makala zenye rasimu bioRxiv, hifadhi ya rasimu za makala za biolojia iliyoanza 2013, niliunganisha nukuu za rasimu na za toleo la jarida baada ya kuondoa zilizojirudia.

Makala za miaka mitatu ya mwisho kabla ya tarehe ya kupakua niliziacha nje ya upangaji wowote wa nukuu, nikazitumia kwenye mada peke yake. Tarehe ya kupakua iko kwenye jina la kila faili, kwa sababu nukuu huongezeka kila wiki, na atakayerudia kazi hii mwezi mmoja baadaye atapata namba tofauti na zangu.