Chipsi zimeachwa kwenye mafuta

Jana nilikuwa Hastings, kusini mwa Uingereza, nasubiri samaki na chipsi. Mara kidude kikalia kiunoni mwa kijana aliyekuwa akikaanga. Akavua aproni, mbio! Nikadhani kuna moto. Kumbe ni mwokoaji wa kujitolea wa RNLI, shirika la kuokoa watu baharini. Kitambo kidogo, trekta kubwa linaishusha boti majini, hao wakapotelea kwenye mawimbi.

RNLI ipo tangu 1824, na sehemu kubwa ya pesa zake ni michango ya watu. Nilitumbukiza pauni 5 kwenye kopo lao. Mie mtoto wa Nungwi nimezoea kuokolewa na ngalawa ya jirani, kama yupo karibu.

Chipsi alinimalizia mama mwenye duka. Wala hakushtuka.