Nilienda misheni Karema kushika miksa tu

Niseme mapema, mimi sikuwa mlokole. Kwetu ni Walutheri, nimebatizwa mchanga, kipaimara nikapata, baada ya hapo nikawa Mkristo wa Krismasi na Pasaka kama wengi tu hapa Dar. Kazi yangu ni mitambo. Spika, miksa, maiki, jenereta, leo harusi kesho kampeni keshokutwa mkutano wa injili, nafunga vyombo nalipwa nasepa. Kwahiyo jamaa waliponiambia twende misheni Karema, kule Katavi mwambao wa Ziwa Tanganyika, nilichouliza ni posho shilingi ngapi na mafuta ya jenereta ananunua nani. Mambo ya kiroho niliwaachia wenyewe, walifunga wakakesha, mi nikawa nakagua nyaya.

Tulienda mwezi wa tatu, na hapo mtu wa Katavi akisoma lazima acheke, maana mvua za kule zikianza Novemba basi Machi bado ziko kazini. Tukapanda fuso ya kukodi, vyombo chini, turubai juu yake na sisi juu ya turubai, tulivyoiacha Mpanda tu shughuli ikaanza. Utelezi, makorongo, mbung'o wanang'ata mpaka juu ya jinzi, halafu kwenye mteremko mmoja gari likakaa kabisa, tope mpaka kwenye ekseli. Tulichimba, tukakata matawi tukaweka chini ya matairi, tukaimba pambio, likatoka, mbele kidogo likazama tena. Usiku ukatukuta hapohapo, mvua juu yetu, turubai wamefunikwa spika maana spika ndo za kuazima hahaha.

Homa ikanianza hukohuko njiani. Mwanzoni nilidhani uchovu, kumbe wapi, nikaanza kutetemeka meno yanagongana, kichwa kinapiga kama spika yenye fidbeki, kila ninachokunywa kinarudi. Tukafika kijiji kimoja wenzangu wakanilaza kwenye benchi la kanisa wakanizunguka, na mmoja kati ya viongozi wetu akasema hii ni vita, shetani anapigana na mkutano, kwahiyo asipewe dawa kwanza mpaka tukemee tuone. Wakakemea. Siwabezi, walikuwa wananipenda na jasho lilikuwa linawatoka kwelikweli. Ila mimi nilikuwa nazidi kuwa baridi, na kitu kinachoniuma hata leo ni kwamba nilianza kujiona mimi ndo kikwazo, kwamba siponi kwasababu sina imani, na ukiwa na homa ya nyuzi arobaini hiyo hesabu inakuchanganya vibaya sana.

Akaja mama mmoja mtu mzima, kanga kiunoni, rozari shingoni. "Tumsifu Yesu Kristu." Sisi tulizoea Bwana Yesu asifiwe, tukabaki tunaangaliana, mmoja ndo akakumbuka kuitikia milele amina. Akanishika shingo kwa nyuma ya mkono akauliza, huyu kala nini, kanywa dawa gani? Akaambiwa tunaomba. Akasema ni vizuri baba zangu, ombeni tu, lakini mtoto anaenda kituoni sasa hivi. Akamwita kijana wake na pikipiki, nikapigwa mshikaki, dereva mbele, mimi katikati, yeye mama nyuma kanishika kiunoni, na ule utelezi wote.

Kituo cha afya wakanitoboa kidole, kile kipimo kikaonyesha mistari miwili, malaria, na kwa vile natapika vidonge haviwezekani, nikachomwa sindano ya atesuneti. Ya kwanza palepale, ya pili baada ya masaa kumi na mbili, ya tatu siku inayofuata, halafu ndo wakanianzishia dawa mseto. Naandika haya makusudi, mtaona mbele kwanini.

Ule usiku kati ya sindano na sindano ndo wenyewe. Umeme hakuna, mgonjwa wa kitanda cha pili analia, na yule mama kakaa mkekani chini ya kitanda changu. Hanijui. Jina langu alikuwa analikosea. Anahesabu rozari kimyakimya. Nikamuuliza, "Mama, unamuomba nipone?"

Akasema, "Namuomba asikuache, mwanangu. Kupona nimemwachia Yeye na daktari."

Halafu akanisimulia kwamba kazika watoto wawili, mmoja kwa ugonjwa huuhuu. Nilitaka kumuuliza sasa unaombaje tena, nikashindwa, lakini nadhani aliliona swali maana alisema, "Nilimgombeza sana Mungu. Bado namgombeza. Lakini ningemgombeza nani kama sio yeye?"

Jamani. Mimi maisha yangu yote nimefunga spika kwenye mikutano ya toa ndugu upokee ndugu, kwahiyo kichwani kwangu imani ilikuwa ni biashara, na mimi kwenye hiyo biashara nilishajiona sina mtaji. Huyu mama alikuwa hana alichopokea cha kuonyesha na bado yuko kwenye mkeka usiku wa manane na mtoto wa watu. Asubuhi kukipambazuka nikaomba Biblia, nikawa nafungua Zaburi ovyoovyo nikaangukia ya 88. Isome. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hakuna ile sehemu ya mwisho ya kugeuka na kushukuru kama zile nyingine, na wameiacha hivohivo ndani ya Biblia. Nikaomba maneno machache tu, kama upo, kaa. Sikuona mwanga wala sikusikia sauti. Ila sikuwa peke yangu, na homa ilipoisha hiyo hali haikuisha, ndo maana nasema sio homa.

Yeye mama ndo alinisimulia habari za Atiman, na Karema nilipofika baadae nikaelewa vizuri. Yani sisi tulienda na bango la kupeleka injili, kumbe Wamisionari wa Afrika, wale mapadri wa Kikatoliki wanaoitwa White Fathers, walishafika pale tangu 1885, walikabidhiwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji. Na 1889 akaja Adrian Atiman, mtu wa upande wa Timbuktu, alitekwa utumwani akiwa mtoto, mapadri wakamkomboa, akasomeshwa udaktari Malta, halafu akaletwa Karema kama daktari na katekista, akaoa hukohuko na akakaa mpaka alipofariki 1956. Piga hesabu mwenyewe ni miaka mingapi ya kutibu na kufundisha sehemu moja, wakati sisi tulikuwa na ratiba ya wiki moja na tisheti. Dar kuna Atiman House, nimepita pale mara kibao nikidhani ni jina la mfadhili fulani.

Mkutano wenyewe ulifanyika, watu walikuja, wengine wakakata shauri, na nyumba nyingi tulizoingia tulikuta msalaba ukutani na samaki wa ziwani, migebuka, mezani, tunakaribishwa tunakula. Sidhani tulifanya vibaya kwenda. Lile bango ndo sikulipenda.

Sasa hivi nasali kila Jumapili Usharika wetu wa nyumbani, mke wangu bado anaona kama mzaha. Tuliporudi wapendwa walinisimamisha nitoe ushuhuda, walitaka nianzie kwenye yale maombi ya kwenye benchi na niishie kwenye kupona. Nikatoa wote, na mama, na rozari, na sindano tatu za atesuneti. Kanisa likapoa kidogo. Tangu siku ile maiki sijapewa tena, ila miksa bado naishika mimi, na mwaka huu wanataka kwenda tena Machi, nimewaambia twendeni Agosti.