Bergen kwenye mvua, pamoja na baba na samaki wakavu

Tangazo la nahodha asubuhi ile lilikuwa fupi. Nyuzi joto kumi na mbili, mvua mchana kutwa, abiria wote wawe wamerudi melini kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwenye ukumbi wa chakula watu walianza kughairi mmoja baada ya mwingine. Bibi mmoja Mwingereza tuliyezoea kukaa naye meza moja alikuwa ameshajiandikisha kwenye bingo. Vijana wa meza ya pili walisema wataenda saluni na kwenye bwawa la ndani. Nilimtazama baba kusikia atasemaje, maana ana miaka yake na magoti hayampendi siku za baridi.

"Kunyesha ni kazi yake, kutembea ni kazi yetu," akasema, huku akiipangusa miwani. "Maliza chai, twende."

Naandika haya hasa kwa ajili ya nyinyi mnaoniuliza kama safari ya meli ya Norwei inafaa kwa mzazi aliyezoea jua la Mombasa. Mimi naishi Southampton, na meli nyingi za fiyodi huanzia hapa. Baba alikuja kunitembelea, mama akakataa katakata kupanda meli yoyote, basi nikamkatia baba tikiti. Angalieni viza mapema: mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Schengen ili aruhusiwe kushuka Norwei, hata kama ya Uingereza anayo, na ya Uingereza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo kurudi kutawashinda. Zile fiyodi zenyewe, mikono ya bahari iliyojipenyeza kati ya milima, tumeziona na ni nzuri kweli. Lakini siku ambayo baba anaisimulia kila akipiga simu ni siku ya Bergen, mji wa bandari wa Norwei, siku ya mvua.

Ukienda Bergen ukaogopa mvua, umeenda kufanya nini? Mji umezungukwa na milima na mbele yake ni Atlantiki. Upepo wa magharibi huleta hewa yenye unyevu kutoka baharini, ikigonga milima inapanda, inapoa, inamwaga. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000, karibu mara mbili ya mvua ya Mombasa, na siku zenye mvua hupita 200. Kuanzia mwisho wa Oktoba 2006 hadi Januari 2007 ilinyesha siku 85 mfululizo. Wenyeji hawashughuliki. Tuliona mama akisukuma kigari cha mtoto kilichofunikwa plastiki, mtoto ndani amelala fofofo. Tukaona wazee wawili wamesimama wanapiga soga katikati ya mvua kana kwamba kumekauka. Miavuli ni michache, kwa sababu upepo wa bandarini huigeuza ndani nje. Vaa koti la mvua lenye kofia na viatu visivyopitisha maji. Baba alivaa kofia yake ya vito, kisha kofia ya koti juu yake, akawa tayari.

Meli yetu ilifunga kwenye gati la Skolten, ambako ni mwendo wa miguu tu mpaka mjini. Kwanza unapita ngome ya Bergenhus na ukumbi wa mawe uitwao Håkonshallen, uliojengwa na mfalme Håkon Håkonsson na kutumika kwenye harusi ya mwanawe Magnus mwaka 1261. Tarehe 20 Aprili 1944, wakati wa utawala wa Wajerumani, meli ya Kiholanzi Voorbode iliyobeba baruti ililipuka bandarini papa hapa. Paa la ukumbi liliteketea, na watu wengi wa mji walikufa au kuumia. Hili la sasa limejengwa upya. Baba alisimama akatazama maji, kisha akatazama kuta, akasoma Fatiha kimyakimya, tukaendelea.

Halafu ndipo Bryggen. Picha zake mmeziona: safu ya nyumba za mbao, nyekundu, njano na nyeupe, zimebanana ukingoni mwa ghuba iitwayo Vågen. Siku ya jua, nasikia, hapo mbele huwezi kupita kwa watu wanaojipiga picha. Sisi tulikuta pamekaribia kuwa wazi. Na uzuri wa Bryggen hauko mbele. Uko nyuma, kwenye vichochoro. Kati ya safu moja na nyingine kuna njia nyembamba iliyotandikwa mbao, na juu yake ghorofa zimejitokeza pande zote mbili hadi karibu zigusane. Mvua unaisikia juu yako ikigonga, inatiririka kwenye mifereji, lakini wewe unapata matone tu. Mbao zinanuka lami na chumvi. Kuta zimeinama, nyingine huku nyingine kule, sakafu zinateremka, milango imepinda pamoja na fremu zake. Zimebaki nyumba 62, na tangu 1979 ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Moto mkubwa wa 1702 uliteketeza eneo lote, watu wakajenga tena palepale, kwa mpangilio uleule wa kale.

Nilikuwa nasoma ubao wa maelezo niliposikia baba ananiita. Alikuwa ameinua uso, mvua inamdondokea kwenye miwani, anaonyesha kidole juu ya paa.

"Unaliona lile kapi?"

Juu kabisa, chini ya pembe ya paa, gogo limetokeza nje, nalo ndilo la kupandishia mizigo ghorofani. Baba alizaliwa Mji wa Kale, na babu yangu alikuwa na ghala la ng'onda karibu na Bandari ya Kale. Akiwa mtoto, kazi yake baada ya chuo ilikuwa kuhesabu mitumba ya papa mkavu iliyoshushwa kutoka kwenye majahazi ya Arabuni na Somalia. Majahazi yalikuja na kaskazi, yamebeba papa mkavu, tende na mazulia, na kusi ilipoanza kuvuma yakaondoka na boriti za mikoko. Nimeyasikia haya maisha yangu yote, na nakiri kwa heshima kwamba nilikuwa nimeyachukulia kama hadithi za jioni. Pale Bryggen baba hakuwa anasimulia. Alikuwa anasoma jengo. Hapa mzigo unaingia, hapa mizani, hapa anakaa karani, pale nyuma ghala la mawe kwa ajili ya mali ya thamani, kwa sababu mbao zinaungua. Tukazunguka nyuma, na kweli, lile ghala la mawe lipo.

Kwa sababu Bryggen yote ilijengwa juu ya samaki mkavu. Mbali kaskazini, huko Lofoten, wavuvi huvua torsk, yule samaki mweupe anayekaangwa kwenye maduka ya samaki na chipsi hapa Uingereza. Wanamtoa matumbo, wanamfunga wawiliwawili mkiani, wanamtundika kwenye vichanja vya miti kuanzia Februari hadi karibu na Mei. Hawatii chumvi hata punje. Baridi na upepo vinatosha: hakuna joto la kumwozesha wala nzi, na anakauka mpaka anakuwa mgumu wa kugongana ko! ko! Samaki huyo anakaa miaka. Kiangazi aliletwa Bergen kwa mashua, na Bergen walikuwapo wafanyabiashara wa Kijerumani wa umoja wa Hansa, waliofungua ofisi yao hapa yapata 1360 na kubaki kwa karne kadhaa. Wao walileta nafaka. Ulaya ya Kikatoliki, iliyokuwa ikijizuia na nyama siku nyingi za mwaka, ndiyo iliyomla.

Baba aliuliza swali ambalo mimi nisingeuliza. "Mvuvi alilipwa lini?" Jibu lilimchoma. Mvuvi wa kaskazini alichukua nafaka kwa mkopo, na samaki wa msimu ujao alikuwa ameshaahidiwa kwa tajiri yuleyule aliyemkopesha. Deni lilipita kutoka mwaka hadi mwaka. Baba alitikisa kichwa, akasema mabaharia wa majahazi waliishi hivyohivyo na nahodha wao: unachukua kabla ya safari, unalipa baada yake, na hesabu haifungi kamwe. Nilipoziangalia tena zile nyumba za rangi nilianza kuwaona watu ambao hawakuishi ndani yake.

Hata waliokaa ndani hawakuwa na raha. Kwenye nyumba zile haikuruhusiwa kuwasha moto wala taa, kwa kuogopa kuunguza mji. Fikirini baridi ya Desemba ya Norwei bila moto. Wafanyabiashara hawakuruhusiwa kuoa wenyeji, na vijana wanagenzi waliletwa wadogo kutoka Ujerumani. Kwa kupika na kuota moto palikuwa na vyumba vya pamoja vilivyojengwa kando, Schøtstuene, na leo ni makumbusho. Tuliingia humo kujikausha. Chumba kina meza ndefu na mabenchi kuzunguka kuta, na baba alikaa kwenye benchi akasema naam, hapa watu walikuwa wakipata uhai.

Jirani yake ni kanisa la Mariakirken, la karne ya 12, jengo kongwe kuliko yote mjini. Tulilitazama nje tu. Na treni ya kamba ya Fløibanen, inayopandisha watu mlimani hadi mita 320 tangu 1918, tuliiacha. Kilele kilikuwa ndani ya wingu na nauli si haba. Kama mnakwenda siku safi, pandeni.

Mahali ambapo nawaombea wote mpitie ni Bryggens Museum. Mwaka 1955 sehemu ya Bryggen iliungua tena, na wataalamu wakapata nafasi ya kuchimba palipoungua. Mwanaakiolojia Asbjørn Herteig aliongoza kazi hiyo kwa miaka mingi, na makumbusho yakafunguliwa 1976 juu ya misingi ileile iliyofukuliwa. Waliokota vipande zaidi ya 600 vilivyochongwa maandishi ya runi, herufi za kale za watu wa kaskazini mwa Ulaya. Kabla ya hapo wengi waliyajua maandishi hayo kwenye mawe ya kumbukumbu za wakubwa. Hapa yametumiwa na watu wa kawaida: sala, mapenzi, matusi, biashara. Vingine ni vijiti vya kufungwa kwenye mzigo, vimechongwa jina la mwenye mali ili usichanganywe na wa mwingine.

Baba hakuondoka kwenye vijiti hivyo. Babu alikuwa na alama yake ya makaa, na baba ndiye aliyeichora kwenye kila mtumba: duara na mstari mmoja. Aliinama kwenye kioo, mikono nyuma, maji ya koti yanadondoka sakafuni, mlinzi anatutazama kwa upole. "Huyu ni karani mwenzangu," akaniambia. "Ona, amechonga haraka. Mashua ilikuwa inamsubiri." Nilijisikia mwenye bahati kubwa kuwa pale na yeye, kwa sababu kumbukumbu ile haimo kwenye kitabu chochote, na bila kile kijiti nisingejua kwamba babu yangu alikuwa na alama.

Kuna maandishi mengine yaliyofukuliwa hapo Bryggen ambayo yamejulikana sana: "Gyda anasema urudi nyumbani." Basi. Wengi wanadhani ni mke aliyemtumia mumewe ujumbe huko alikokaa na wenzake. Nilipomsimulia baba, alicheka hadi akavua miwani. Alisema mama alikuwa akimtuma kaka yangu bandarini kila Ijumaa kwa maneno hayohayo. Akampigia mama pale pale, akamwambia, "Gyda anasema nirudi nyumbani." Mama, bila kumjua Gyda, akajibu kwamba huyo Gyda ana akili, na je, amevaa soksi mbili?

Tulikula Fisketorget, sokoni, sehemu ya ndani. Supu ya samaki ya Bergen ina maziwa na karoti. Ulizeni kwanza kama wametia mvinyo, maana wengine hutia. Muuzaji alituuliza tunatoka wapi, akatuonyesha ya sufuria isiyo na mvinyo. Kisha mkate wa mdalasini, skillingsbolle, mkubwa kama sahani, na chai. Ghali, vyote. Baba alisema anailipia supu ile kwa moyo mweupe.

Tulirudi melini tumelowa hadi magotini. Baba alioga maji ya moto, akachanganya Adhuhuri na Alasiri kebinini, akalala. Jioni yule bibi wa bingo alituuliza kama hatukujuta, na baba akamweleza habari za kapi, deni la mvuvi na Gyda mpaka chakula kikapoa, nami nikitafsiri. Kesho yake bibi alimletea karatasi amchoree ile alama ya duara na mstari.

Kitu kimoja tulichonunua ni kipande cha torsk mkavu. Nyumbani nilimloweka kwa siku kadhaa nikibadilisha maji, akavimba, akalainika. Baba ndiye aliyepika, kwa tui la nazi, bilingani, pilipili na ndimu, kama papa mkavu wa kwetu. Nyama yake inachambuka vipande vikubwa vyeupe, na harufu ni kali lakini si ya ng'onda. Tulikula na wali. Baba alionja, akanyamaza, akaongeza chumvi, akaonja tena, akasema Wanorwei wanajua kukausha ila kutia chumvi wangekuja Mombasa wafundishwe, na akaomba sahani ya pili.