Kanzu Ndogo ya Hana

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nilikusudia tutafakari Mithali 22:6, juu ya kumlea mtoto katika njia impasayo, lakini viatu vimenizuia. Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi kutembelea watoto shuleni kwa binti yangu. Yuko darasa la sita, bweni, shule ya kanisa. Nikampelekea viatu vyeusi vya ngozi kutoka Kariakoo, namba 34. Akavivaa, akasimama, akasema, "Vinatosha, mama." Uso ulikuwa umejikunja. Matroni akacheka kwa upole: "Mama, huyu anavaa 36 tangu muhula uliopita."

Ndani ya daladala nikamkumbuka Hana. Tunapenda kuhubiri machozi yake kule Shilo na jinsi alivyomtoa mwanawe Samweli amtumikie Mungu. Ule mstari wa 19 wa sura ya pili ya 1 Samweli tunauruka: "Tena mamaye humfanyizia kanzu ndogo, na kumletea mwaka kwa mwaka." Mwaka kwa mwaka, jamani! Mtoto analala hekaluni lilipo sanduku la Mungu, mlezi wake ni kuhani, na bado mama yuko Rama na sindano mkononi. Kanzu ya mtoto anayekua haishonwi kwa kukisia. Ilibidi Hana ajue mwanawe amerefuka kiasi gani, mabega yamefika wapi.

Halafu mtazameni Eli mwenyewe, yule kuhani. Wanawe, Hofni na Finehasi, walikulia pale pale penye madhabahu, wakijua kila utaratibu wa dhabihu, na Neno linasema "hawakumjua BWANA".

Nilipofika nyumbani nikaitoa ile fomu ya kujiunga niliyoisaini miaka miwili iliyopita. Nilikuwa nimesoma ada, godoro, ndoo na mashuka tu. Ukurasa wa kwanza, ambao sikuusoma, unaeleza wanachokiamini: kila mtoto ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kumcha BWANA ni chanzo cha maarifa, hata hesabu na sayansi ni kuchungulia kazi ya mikono yake. Na kwamba mwalimu anamsaidia mzazi, hashiki nafasi yake. Nimeweka sahihi hapo chini, kwa kalamu ya bluu.

Wapendwa, niseme kwa upendo lakini niseme. Tunaitafuta shule ya Kikristo kama tunavyomtafuta fundi: chukua, tengeneza, nitakuja kuchukua Desemba. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora mwaka 2023, lakini sisi tunazipanga wenyewe kwenye simu zetu. Mwaka huo huo serikali ilipozuia bweni kwa watoto walio chini ya darasa la tano, nilikuwa miongoni mwa walionung'unika. Nilisema, "Sasa nani atawalea?" Nilisema hivyo mimi, mama, mwimba kwaya. Amri ya kuwafundisha watoto, Kumbukumbu la Torati 6:7, haikuandikiwa wakuu wa shule: "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Akina baba, nanyi mna Waefeso 6:4, inayowaagiza kuwalea watoto katika adabu ya Bwana. Kulipa ada ni vema, tunawashukuru, ila hamkuambiwa mlipe tu.

Bibi yangu hakuwa na fomu yoyote. Shule za makanisa zilitaifishwa mwaka 1969, na miaka mingi baadaye bado alikuwa akitukusanya jikoni kila jioni, moshi machoni, tukisoma Zaburi kwa zamu huku akiturekebisha bila kutazama kitabu. Hakuwahi kusema dini ni kazi ya mwalimu.

Kuna jambo ambalo bado linanichoma kuliko viatu. Chini ya mwembe, tukila chapati, binti yangu aliniuliza kwa nini Mungu aliwaua wazaliwa wa kwanza wa Misri, na wao walikuwa watoto tu. Nikamjibu, "Kamuulize mwalimu wa Maarifa ya Biblia." Akanyamaza, akaendelea kula.

Kabla sijaondoka alichana karatasi katikati ya daftari, akaikanyaga, akauzungushia unyayo wake penseli ili nisikosee tena. Ninayo hapa. Muuzaji amekubali kubadilisha nikimrudishia vikiwa safi, nitapita kesho. Na tangu juzi nimekuwa nikisoma Kutoka sura ya 11 na ya 12, polepole. Jumapili ijayo wanaruhusiwa kupiga simu nyumbani, saa kumi.